Scott dhidi ya Harris: dakika sita za kufukuzana na maswali ambayo mkuu wa zamu hakuyauliza

Usiku mmoja wa Machi 2001, katika Kaunti ya Coweta, jimbo la Georgia, Marekani, askari wa sherifu alipima gari likienda maili 73 kwa saa, yaani kilomita 117, kwenye barabara ambayo kikomo chake ni maili 55, kama kilomita 88. Akawasha taa za bluu. Dereva, kijana wa miaka 19 aitwaye Victor Harris, hakusimama bali alikanyaga mafuta. Dakika sita baadaye gari lake lilikuwa limeacha barabara, limeporomoka kwenye tuta, limepinduka na kupondeka, na yeye mwenyewe amepooza mikono na miguu.

Askari mwingine alikuwa amemgonga kwa nyuma. Kijana akamshtaki. Mahakama ya wilaya na ile ya rufaa zote mbili zilisema kesi iende mbele ya baraza la raia wa kawaida wanaoamua kesi (jury). Mahakama ya Juu ikakataa. Tarehe 30 Aprili 2007, majaji 8 kwa 1 waliamua kwamba askari aliyemgonga, Timothy Scott, hakuvunja Katiba. Tangu hapo hukumu hii hutajwa kila mahali pale polisi wanapotetea mbio za kufukuzana, na mara nyingi hutajwa vibaya. Ilijibu swali moja: je, kumgonga dereva yule kulikuwa ni kutumia nguvu kupita kiasi chini ya Marekebisho ya Nne ya Katiba? Haikuulizwa kama ilistahili kumfukuza, wala haikumwambia mkuu wa zamu yeyote lini aseme endelea na lini aseme acheni. Maswali hayo mawili yako mbali sana, na kisa hiki kinaonyesha umbali wake vizuri kuliko kingine chochote, kwa sababu kila hatua yake ilinaswa na kamera za magari ya polisi.

Dakika ya kwanza

Tuanze na kilichokuwa mezani pale mwanzo. Kosa ni kuzidisha mwendo kwa kilomita 29. Ni kosa la faini. Askari wa kwanza alifanya jambo la maana sana: alipoarifu kituo cha mawasiliano kwamba anafukuza gari, alisoma na namba za gari hilo redioni. Kwa hiyo, kabla ya mbio kushika kasi, polisi walikuwa na mlango wa kugonga kesho yake asubuhi.

Kuna pingamizi la haki hapa. Namba za gari zinamtaja mwenye gari, hazimtaji aliyeshika usukani. Gari laweza kuwa la wizi, la kuazima, la kukodi, au limebandikwa namba za bandia. Lakini pingamizi hilo linapaswa kuangaliwa kwa ukubwa wa kosa. Kama aliyekimbia ametoka kuua mtu, kumjua mwenye gari hakutoshi, kwa sababu hatari inakwenda naye. Kama alizidisha mwendo tu, hata akipotea moja kwa moja, kilichopotea ni faini.

Na kukimbia kwenyewe? Hapa ndipo askari wengi hujifunga wenyewe. Wanasema mtu hakimbii bure, lazima ana jambo kubwa analolificha. Pengine. Lakini hiyo ni dhana, na inazaa mduara: tunamfukuza kwa sababu anakimbia, anakimbia kwa sababu tunamfukuza, na kadiri anavyoendesha kwa hatari ndivyo tunavyopata sababu mpya ya kuendelea. Hatari iliyokuja kutumiwa mahakamani kuhalalisha kumgonga kwa bampa dakika ya sita haikuwepo dakika ya kwanza. Ilizaliwa njiani.

Scott alisikia mawasiliano hayo akajiunga. Kumbukumbu za mahakama ya rufaa zinaonyesha kwamba alipojiunga hakujua kosa la awali ni nini. Hili ni tatizo la kawaida la redio. Sentensi inayosikika ni “nafukuza gari linalokimbia”, na kila anayeisikia anaijaza kwa mawazo yake. Utaratibu mzuri unataka anayeanza mbio aseme sababu kabla ya kitu kingine, kwa maneno yaliyo wazi: amezidisha mwendo, kilomita kadhaa juu ya kikomo, hakuna kosa jingine linalojulikana. Sentensi hiyo moja ingewaweka wote waliokuwa wanasikiliza kwenye mizani ile ile.

Barabara yenyewe

Sehemu kubwa ilikuwa ya njia mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na mstari wa njano katikati. Msomaji aliyepita Chalinze kuelekea Segera anaijua aina hiyo ya barabara. Ukitaka kulipita gari lililo mbele lazima uingie upande wa wanaokuja.

Mahakama inasema mwendo ulizidi maili 85 kwa saa, ambazo ni kilomita 137. Kwa mwendo huo gari linakwenda mita 38 kila sekunde. Dereva mwenye akili timamu huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi mguu wake uanze kukandamiza breki, na katika muda huo ameshakwenda mita 57. Kisha breki kwenye lami kavu na matairi mazuri humaliza mita nyingine mia moja na ushei. Jumla ni kama mita 160. Taa za gari zikiwa zimeinamishwa zinaangaza sehemu ndogo tu ya umbali huo. Maana yake, anayeendesha kilomita 137 usiku nyuma ya gari jingine anaendesha gizani, hata kama taa zote zinawaka, na hesabu hiyo inamhusu askari sawasawa na mkimbizi. Kwa kilomita 88 jumla ni kama mita 80 tu.

Hesabu ya redio nayo iwekwe hapo. Sentensi ya sekunde tano, ya kutaja mahali na mwelekeo, inasemwa katika mita 190 za barabara. Anayeisema ana mkono mmoja kwenye usukani. Ndiyo maana penye utaratibu mzuri gari la kwanza hufukuza tu, na la pili hushika redio. Magari mawili, basi. La tatu na la nne haviongezi uwezo wa kumkamata mtu. Vinaongeza vitu vinavyopita kwenye taa nyekundu.

Watu waliotazama mkanda wa video hawakuona kitu kimoja. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu ya walio wengi, aliona gari likivuka mstari wa njano, likipishana na magari zaidi ya kumi na mbili, likilazimisha wengine kukimbilia kando ya barabara, likipita taa nyekundu. Alilinganisha na sinema za Hollywood. Jaji John Paul Stevens, aliyekuwa peke yake upande wa pili, aliutazama mkanda ule ule akaona mambo mengine: kwamba magari yale ya kando yalisogea kwa sababu ya ving'ora, kama sheria inavyotaka, kwamba kijana aliingia upande wa pili pale tu alipotaka kulipita gari, si zaidi ya mara tano, na kwamba mara nyingi aliwasha indiketa. Kuna mahali, anasema Stevens, kijana alikuta gari mbele yake na magari mengine yanakuja upande wa pili. Akapunguza mwendo, akasubiri yapite, akawasha indiketa, ndipo akapita.

Mtu anakimbia polisi na anawasha indiketa. Picha hiyo haimtoi hatiani, maana alikuwa bado anahatarisha watu. Lakini inamwambia mfukuzaji jambo la kiufundi: huyu bado anafikiri. Hajafika hatua ya kutojali kufa. Mtu wa namna hiyo, presha ikiondolewa, ana uwezekano mkubwa wa kurudi kwenye mwendo wa kawaida. Watafiti waliowahoji madereva waliokamatwa baada ya kufukuzwa walipata wengi wakisema wangepunguza mwendo mara tu wanapohisi hawafuatwi tena, baada ya maili chache barabara kuu na mitaa michache mjini.

Mwaka 2009 wasomi watatu, Dan Kahan, David Hoffman na Donald Braman, walichapisha utafiti ambamo waliwaonyesha Wamarekani 1,350 mkanda ule. Walio wengi walikubaliana na mahakama, lakini tofauti zilifuata rangi, kipato na siasa za mtazamaji. Kwa mkuu wa polisi funzo lake ni la moja kwa moja: “hatari” haiwezi kuachwa iwe hisia ya kila askari. Iandikwe kwa vitu vinavyohesabika, yaani mwendo, idadi ya magari barabarani, watembea kwa miguu, mwanga, unyevu wa lami.

Maegesho ya maduka

Katikati ya mbio kijana aliingia kwenye maegesho ya magari ya eneo la maduka. Magari ya polisi kadhaa yalikuwa yamefika na karibu yamzingire. Akakata kona kali, akagusana na gari la Scott, akachomoka, akarudi barabarani. Gari la Scott liliharibika kidogo, na kuanzia hapo Scott akawa wa mbele.

Neno lenye uzito hapa ni “karibu”. Kumzingira dereva kunafanikiwa gari lake likiwa limesimama au linatambaa, na magari ya polisi yakimbana kwa kumgusa: moja puani, moja nyuma, na ubavu uliobaki ukizibwa na jingine au na ukuta. Kumgusa ndiko kunakomaliza kazi, kwa sababu gari lililobanwa halina nafasi ya kuanza kusukuma. Ukiacha upenyo wa upana wa gari moja, hujamzingira, umemwonyesha njia. Na katika maegesho upenyo ni mwingi, na wenye kubeba mifuko ya manunuzi wanaweza kuwa wanatembea humo humo. Magari yanayowasili moja moja kutoka pande tofauti, bila mtu mmoja anayepanga nani asimame wapi, hayajengi ukuta.

Kwa maoni yetu hapa ndipo palipokuwa mahali pa kuacha. Namba za gari zinajulikana. Mahali pamejulikana. Jaribio salama pekee limeshindikana. Kilichobaki mbele ni barabara ya njia mbili, usiku, na mtu ambaye sasa ana hofu mara mbili. Badala yake mgusano ule wa magari ulibadilisha hewa. Askari ambaye gari lake limegongwa hafukuzi tena kosa la mwendo, hata kama hajitambui. Ndiyo sababu uamuzi wa kuendelea usiwe mikononi mwake.

“Endelea, mtoe”

Zikiwa zimepita dakika sita na karibu maili 10, yaani kilomita kama 15 hadi 16, Scott aliomba redioni ruhusa ya kutumia mbinu iitwayo PIT. Mkuu wake akamjibu kwa maneno machache: endelea, mtoe.

Mbinu yenyewe ni hii. Askari analeta pua ya gari lake ubavuni mwa mkimbizi, nyuma ya tairi la nyuma. Analinganisha mwendo. Anagusa taratibu, bila kugonga, kisha anakata usukani kidogo kuelekea kwa mkimbizi na kushikilia mwendo. Nyuma ya gari la mkimbizi inateleza, gari linazunguka, injini mara nyingi inazima, na linasimama likitazama lilikotoka. Vikosi vingi huiwekea kikomo cha maili 35 kwa saa, kilomita 56. Sababu ni nishati: inapanda kwa mraba wa mwendo. Gari la kilomita 137 lina nishati karibu mara sita ya gari lile lile likienda kilomita 56. Linapoanza kuteleza ubavu halizunguki tu mahali pamoja. Linasafiri ubavu mpaka matairi yatoke kwenye lami yaingie udongoni, udongo unayanasa, na gari linajikwaa na kubingirika.

Scott alilijua hilo. Alieleza kwamba hakutumia PIT kwa sababu aliona magari yanakwenda kasi mno kuifanya kwa usalama. Akafanya jambo jingine: akasukuma nyuma ya gari kwa bampa yake ya kusukumia. Ruhusa iliombwa kwa kitu kimoja, kikafanyika kingine kilicho kikali zaidi, na mkuu wa zamu hakupata nafasi ya kusema lolote. Msukumo wa moja kwa moja nyuma ya gari la mwendo huo haumpunguzii mkimbizi mwendo. Unamwongezea, na ukimpata nje kidogo ya katikati unageuza gari bila askari kuchagua upande. Kama mwendo ni mkubwa mno kwa PIT, ni mkubwa mno kwa kugonga.

Sasa yule mkuu wa zamu. Mahakama ya rufaa ilieleza kwamba alipotoa ruhusa hakujua mbio zilianza kwa kosa gani, magari yalikuwa yanakwenda kasi gani, barabarani kulikuwa na watu wangapi, wala kijana alikuwa anaendesha kwa hatari kiasi gani. Hatumlaumu kama mtu. Tunautazama mfumo uliomruhusu ajibu bila kuuliza. Kuuliza kungechukua sekunde ishirini. Kosa la awali ni nini? Namba za gari tunazo? Mwendo sasa hivi? Magari mengine na watu? Barabara ya namna gani, lami ina maji? Ndani ya gari kuna abiria? Na la mwisho, ambalo lingezuia kila kitu: umefunzwa mbinu unayoiomba, na mwendo wako unairuhusu?

Jibu la swali la kwanza likiwa “alizidisha mwendo”, mengine hayahitajiki.

Mahakama ilipima vipi

Scalia alilinganisha idadi ya watu walio hatarini na nani aliyeleta hatari. Wapita njia na askari hawakuwa na kosa. Kijana ndiye aliyejiingiza. Scalia akajiuliza, je, polisi wangeacha tu kumfukuza, hatari isingeisha? Alijibu kwamba kumgonga kuliiondoa hatari kwa uhakika, lakini kuacha hakukuwa na uhakika, kwa sababu kijana angeweza kudhani ni hila ya kumtega mbele akaendelea kukimbia vile vile. Akaongeza hoja ya motisha: kila mkimbizi angejua kwamba akifika maili 90 kwa saa, akavuka mstari wa njano mara chache na kupita taa nyekundu kadhaa, ameokoka.

Hoja ya motisha ni nzito na haifai kupuuzwa. Jimbo la Washington lilibana sana ufukuzaji kwa sheria ya mwaka 2021, likalegeza kidogo 2023, kisha bunge lake likapitisha pendekezo la wananchi 2024 lililorudisha uhuru mwingi kwa polisi. Milwaukee ilibana 2010 baada ya watu wanne wasiohusika kuuawa katika mbio za namna hiyo ndani ya kipindi kifupi, na 2017 tume inayosimamia polisi ikaagiza walegeze. Watu huchoka kuona magari yakiwakimbia polisi mchana kweupe.

Lakini hoja ya uhakika ina tundu. Kumgonga kuliondoa hatari kwa uhakika kwa sababu tu, kwa bahati, upande wa pili hakukuwa na gari pale gari lilipotoka barabarani. Gari lililopoteza uelekeo halichagui tuta. Jaji Ruth Bader Ginsburg, ingawa aliunga mkono hukumu, aliandika kwamba haioni kama kanuni ya kutumika kimashine kila mara. Onyo hilo mara nyingi huachwa nje askari wanapofundishwa kisa hiki.

Mbio fupi nazo zinaua. Katika kesi ya Kaunti ya Sacramento dhidi ya Lewis, iliyoamuliwa 1998, askari alifukuza pikipiki kwa sekunde 75 tu, maili 1.3, mwendo ukifika hadi maili 100 kwa saa. Hukumu inasema alifuata kwa karibu hadi futi 100, kama mita 30, wakati kwa mwendo ule gari lake lilihitaji futi 650, karibu mita 200, kusimama. Pikipiki ilianguka, na abiria wa miaka 16, ambaye hakuwa ameshika usukani wala kuamua kukimbia, akagongwa na gari la polisi akafa. Familia ilishindwa kesi, kwa kuwa mahakama ilitaka ithibitishwe kwamba askari alikusudia kudhuru. Hapa tena, sheria imeruhusu kitu ambacho kanuni ya umbali wa kufuata ingekikataza ndani ya sekunde kumi za mwanzo.

Mwaka 2023 jukwaa la wakuu wa polisi wa Marekani, Police Executive Research Forum, lilitoa mwongozo unaopendekeza kufukuza pale tu ambapo vitu viwili vipo pamoja: uhalifu wa kutumia nguvu umetendeka, na mtuhumiwa ni tishio la karibu la kutenda mwingine. Kwa kipimo hicho kisa cha Coweta kinaishia kwenye taa za bluu.

Kuacha kunafanywaje

Neno “acheni” likitolewa redioni bila utaratibu, magari hupunguza kidogo na kuendelea kufuata kwa mbali, taa zimezimwa, kwa matumaini. Hiyo ni hatari kuliko kufukuza, maana wengine barabarani hawasikii tena king'ora na mwendo bado ni mkubwa. Kuacha ni kuzima king'ora na taa, kurudi kwenye kikomo cha barabara, kuingia kando au kugeuza kabisa ili mkimbizi akitazama kioo asione mwanga, na kila gari litaje redioni mahali lilipo na kwamba limeacha. Mkuu wa zamu anasubiri asikie yote. Kaunti jirani, kama imejiunga, inaambiwa kwa jina.

Kisha kazi ya kawaida inaanza. Kituo kinatoa anwani ya mwenye gari. Gari moja lisilo na alama linakwenda kukaa karibu na nyumba, taa zimezimwa, kusubiri injini ipoe kwenye uwanja wake.